Kabla hujanunua hisa, jua utatokea wapi

Ukitaka kununua hisa, andika kwanza bei ya kutokea, yaani bei utakayouzia mambo yakiharibika, ndipo uandike bei ya faida. Tuseme unanunua kwa shilingi 500, utauza ikishuka hadi 480, na lengo ni 560. Unahatarisha 20 kutafuta 60; ukipatia mara moja tu kati ya nne, mtaji unabaki palepale, ukiacha ada ya dalali. Hutaki kupoteza zaidi ya 10,000? Gawa kwa 20: nunua hisa 500, basi. Na tafadhali sana, ikifika 480 uza, usiishushe bei hiyo ya kutokea. Kwa hisa zenye wanunuzi wachache, na Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo, nunua pungufu zaidi, maana siku hiyo unaweza kukosa wa kuzichukua kwa 480.