Tamathali za semi kwa form one: anza na kitendawili, majina yatakuja baadae

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hasa mnaoshika form one, naomba tuache kufungua somo la tamathali (lugha ya picha) kwa kujaza ubao tashbihi ni nini, sitiari ni nini, tashihisi ni nini, watoto wanakopi, wanakariri, alafu kwenye mtihani mtoto anakuandikia "mwandishi ametumia tashbihi" anaweka nukta anahamia swali linalofuata. Ameiona ila hajaihakiki.

Mi naanza na kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Darasa zima yai! Hapo hapo nauliza, yai na nyumba wapi na wapi? Mmoja atasema zina kuta, mwingine kuna anayekaa ndani, mwingine ili atoke lazima avunje. Sasa hiyo ni sitiari tayari, kitu kimeitwa kingine bila kusema "kama", na neno lenyewe bado hujalitaja. Chora safu tatu ubaoni: kinachozungumziwa, kilichofananishwa nacho, vinafanana wapi. Safu ya tatu ndo kazi yenyewe, mtoto akiiacha wazi mrudishie daftari.

Kwenye tashbihi, yaani kufananisha kwa maneno kama "kama", kuna mtego. Ukiwaambia watafute "kama" watapigia mstari kila kama, hata "kama mvua ikinyesha hatuendi shamba", na hiyo ni ya masharti, hakuna kinachofananishwa na kingine. Waandikie sentensi kumi umezichanganya, wazichambue wawili wawili, wabishane. Tafsida, yaani kusema jambo la aibu kwa lugha ya adabu, haikupi shida, waulize tu kwa nini mbele ya bibi wanasema kujisaidia.

Tashihisi, yaani kukipa kitu tabia za mtu, ndo napenda nikae nayo. Naandika: Jua lilimeza kivuli cha mwembe. Alafu nafuta "lilimeza" naweka "lilifuta", nauliza nini kimepotea. Kuna mtoto wa nyuma ambae huwa hanyooshi mkono kabisa, siku hiyo akasema ukiweka lilifuta kivuli kinaisha tu, ukiweka lilimeza jua linakuwa na njaa na waliokaa chini ya mti wanaweza kufuata wao. Sikuwa na cha kuongeza. Hii ya kubadili neno moja ukaangalia kinachopotea ifanye kila kipindi hata kwa dakika tano, kwa sababu ndo inamfundisha mtoto kwamba mwandishi alichagua.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto anakili jina la kanga moja (yale maneno yaliyoandikwa juu yake), la mama, la bibi, la jirani, lolote. Kesho yake tunauliza linamsema nani, na kwa nini aliyevaa hakwenda kumwambia mtu huyo kwa mdomo. Hapo mafumbo na kejeli vinaeleweka bila kuvifafanua sana, na watoto wa uswahilini wanang'aa kuliko wale wa kukariri.

Mwisho ndo unawapa majina ya tamathali na namna ya kujibu. Mi nataka sentensi tatu: taja tamathali na unukuu maneno yenyewe, sema yanakufanya uone au uhisi nini, kisha eleza yanahusianaje na kinachompata mhusika au dhamira ya kazi. Kusahihisha, maksi moja kutaja, tatu kueleza, na uwaambie mapema kabla hawajaanza kuandika.