Paka mwenye kisukari anayemchukia vet: kazi kubwa ifanyie nyumbani

Paka akiogopa, sukari yake inapanda, hilo lielewe kabla ya yote. Hata paka mzima asiye na kisukari, umemtia kwenye kikapu, umempandisha bajaji, kakuta mbwa wawili wanabweka pale mapokezini, akichomwa sindano ya kupima mashine inaweza kusoma 16 mmol/L na kupita, wakati kawaida yake nyumbani ni kama 4 mpaka 8. Sasa huyo wako ambaye tayari anaumwa si ndo kabisa. Daktari akiifuata hiyo namba peke yake ataongeza insulini, mnarudi nyumbani paka katulia, sukari inashuka, dozi ishakuwa kubwa, na hapo ndo paka wanakufa.

Kwa hiyo mwanzoni mwombe daktari kipimo cha fruktosamini, hicho kinaangalia wastani wa sukari wa wiki moja mpaka tatu zilizopita, hofu ya siku hiyo haikigusi. Ukiambatanisha na dalili (anakunywa maji kupitiliza, mchanga wake wa kujisaidia umelowa kila saa, anakula sana na bado anakonda, wengine mpaka wanatembea wamelaza visigino vya miguu ya nyuma) unajua ni kisukari kweli. Na mwambie daktari kama kuna mtu aliwahi kumchoma dawa ya muwasho, maana nyingi zina steroidi na zinapandisha sukari vibaya mno.

Sindano ya insulini ni kila baada ya masaa 12, chagua muda unaoweza kuushika, mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Mpe chakula kwanza, umwone anakula kwa macho yako, ndo umchome. Vuta ngozi ya kisogoni au ubavuni, ingiza sindano pale inapoinuka, sukuma, basi, ile sindano ni nyembamba na wengi hawageuki hata kukutazama. Akigoma kula usimchome dozi yake ya kawaida, mpigie daktari. Ukiwa huna uhakika kama dawa imeingia au imemwagika kwenye manyoya, usirudie, subiri zamu inayofuata. Sukari kuwa juu siku moja haina neno sana, ikishuka mno inaua ndani ya masaa.

Halafu jamani bomba la sindano. Insulini ya mifugo kama Caninsulin ni U-40 (yuniti 40 kwa mililita), ya binadamu kama Lantus ni U-100 (yuniti 100 kwa mililita), na kila moja ina bomba lake. Ukivuta Lantus kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 2 umempa yuniti 5, wakati paka wengi wanaanzia yuniti 1 tu. Duka la dawa wakikuambia "ni zilezile tu" toka nje.

Umeme ukikatika, insulini isipate joto, ila isigande pia, ikiganda tupa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Chupa ya chai yenye maji baridi inatosha kwa masaa kadhaa, dawa iwe ndani ya kimfuko, isigusane na barafu. Mtungi wa udongo unasaidia sana Dodoma kwenye hewa kavu, Dar na Tanga kwa unyevu ule usiutegemee.

Kupima nyumbani ndo kutakuokoa safari nyingi. Glukomita (mashine ya kupimia sukari) ya binadamu inafaa, kwa paka huwa inasoma chini kidogo kuliko ile ya wanyama, cha msingi tumia mashine ileile siku zote na daktari ajue ni ipi. Pasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, paka Vaseline kidogo pembeni ili tone la damu lisisambae, weka pamba nyuma ya sikio usijitoboe kidole, toboa pembeni kabisa ya sikio. Hapohapo mpe kipande cha kuku. Baada ya muda atakuja mwenyewe akisikia unafungua mkebe wa stripu, kwa ajili ya kuku lakini. Siku daktari akitaka kuona mwenendo, pima kabla ya sindano kisha kila masaa 2 mpaka sindano nyingine, andika, mtumie WhatsApp.

Chakula: ugali na wali vitoke. Paka ni mla nyama, wanga wote ule hauna kazi kwake. Chakula cha kopo au pakiti chenye wanga kidogo ni bora kuliko zile punje kavu. Ila usibadilishe kimyakimya, sukari inaweza kushuka haraka na dozi ya jana ikawa sumu, mwambie daktari kwanza. Na vidonge vya kisukari vya babu wa nyumbani viache viwe vya babu.

Sasa siku ya kwenda vet. Kikapu kisitokee siku hiyo tu, kikae sebuleni wazi wiki nzima au zaidi, ndani kanga uliyoivaa, umtupie nyama humo. Kinachofunguka juu ni bora, daktari anamgusa akiwa humohumo. Njiani kifunike, kisining'inie mkononi. Piga simu kabla, ulizia muda usio na foleni ya mbwa, au usubiri nje mpaka muitwe. Uliza pia kama daktari anakubali kuja nyumbani.

Kama ni wale wa kukojoa na kurarua watu, uliza kuhusu gabapentini, dawa ya kumtuliza, anapewa masaa 2 au 3 kabla ya kutoka, kipimo apange daktari, hasa kama figo zina shida. Lakini itamlegeza na kumyumbisha, na kuyumba ndiyo dalili ileile ya sukari kushuka, kwa hiyo akiyumba usiseme "ni dawa tu", pima. Na usimwache na njaa kutwa kisa miadi, uliza mapema kuhusu chakula na dozi ya asubuhi, beba chakula chake, daftari la vipimo, glukomita na asali.

Asali ni ya hivi: sukari ikiwa chini ya 3.5 au kalegea, anatetemeka, ana degedege, mpake kwenye fizi, usimmiminie kooni atapaliwa, akizinduka mpe chakula, halafu nenda kliniki hata kama anaonekana mzima.

Safari nyingine ambayo haisubiri miadi ni ya paka aliyeacha kula, anatapika, kalala tu na pumzi yake inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hizo ni ketoni, tindikali zinazojaa mwilini insulini ikikosekana. Hapo sahau kikapu na mazoezi yote, mfunge kwenye taulo muondoke, iwe mchana au saa 8 usiku.