Jinsi ya kupima kazi ya mtafiti wa afya ya watoto bila kupotoshwa na namba

Nafanya kazi katika maktaba ya tiba. Kamati ya kupandisha vyeo inapokaribia kukutana, wajumbe huniletea jina la mtafiti wa magonjwa ya watoto wakiuliza ananukuliwa kiasi gani, yaani watafiti wengine wametaja makala zake mara ngapi. Hutaka namba moja tu, mimi nikawarudisha kwenye makala zenyewe. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hakikisha kwanza umempata mtu sahihi. Watafiti hufanana majina, na wengine wamechapisha kwa majina mawili, la kabla ya ndoa na la baadaye. Tafuta namba yake ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja, yenye tarakimu 16, kisha ulinganishe makala zilizo chini yake na orodha ya PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Wasifu wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, hukusanywa kwa kompyuta, na makala za watu wengine huingia humo kwa urahisi. Pitia orodha hadi mwisho.

Kisha angalia namba zimetoka wapi. Google Scholar huhesabu pia tasnifu, ripoti na miswada ambayo bado haijapitiwa na wataalamu, ndiyo maana namba zake kwa kawaida huzidi za Scopus au Web of Science, hifadhidata nyingine mbili zinazohesabu nukuu. Ukilinganisha watafiti wawili, tumia chanzo kimoja kwa wote.

Utakutana na kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kipimo hiki hakishuki hata mtu akiacha utafiti, kwa hiyo wakongwe hunufaika nacho kuliko vijana. Tena hakionyeshi nani alifanya nini, na hapo ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Katika utafiti wa tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la aliyeisimamia. Makala za ushirikiano mkubwa wa kimataifa huweza kuwa na mamia ya waandishi na kunukuliwa maelfu ya mara. Kushiriki humo ni mchango halali. Hata hivyo, ziweke kando kwa muda, uhesabu upya zile alizoziongoza. Mara nyingi sura ya orodha hubadilika kabisa.

Baada ya hapo soma wanaomnukuu wanasema nini. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Imenukuliwa mara nyingi mno, na wengi wanaoinukuu wanaipinga. Mashine inayohesabu haitofautishi pongezi na lawama. Ndiyo sababu kila makala inayoongoza orodha mimi huichunguza kwenye PubMed, ambako iliyofutwa huwekewa alama.

Linganisha pia watu wa uwanja mmoja. Anayechunguza kasoro adimu za kuzaliwa ana wasomaji wachache kuliko anayeandika kuhusu malaria, hata kama kazi zao ni bora sawasawa. Chombo cha bure cha iCite, cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, husaidia hapa: hupima makala kwa kuilinganisha na nyingine za uwanja wake na mwaka wake.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: je, kuna mtoto aliyetibiwa tofauti kwa sababu ya kazi hii? Chukua jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011. Lilihusisha watoto 3,141 wenye ugonjwa mkali wa homa na dalili za mzunguko hafifu wa damu, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Waliopewa dripu nyingi kwa haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, takriban 10 au 11 kwa kila 100, ilhali wasiopewa ni 7. Ilikuwa kinyume na yaliyofundishwa kwa miaka mingi, na mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu dharura za watoto ukaweka tahadhari juu ya dripu za haraka. Kwa hiyo fungua miongozo ya tiba, ya WHO na ya wizara za afya, utafute makala za mtafiti wako kwenye marejeo yake. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna kitufe kitakachokufanyia yote.

Unapoandika ripoti, taja chanzo cha kila namba na tarehe uliyoichukua. Chagua makala tatu hadi tano alizoziongoza, na chini ya kila moja andika iliuliza nini, ilipata nini na nani ameitumia. Kabla hujaipeleka kwenye kamati, mwonyeshe mtafiti mwenyewe ile orodha. Yeye ndiye atakayegundua upesi makala iliyosahauliwa.