Maji ya Bafu Yanapotuama Ndani ya Gari la Nyumba: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mtu anayeoga ndani ya gari la nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na bafu lake, akaona maji yanamfika vifundoni kabla hajamaliza kujisuuza, kwa kawaida huzifikiria nywele kwanza na kuanza kuchokoa tundu kwa waya. Mara nyingine huwa amekisia sawa. Hata hivyo, katika magari haya tundu la bafu ni mahali tatizo linapojionyesha tu, wala si lazima liwe mahali linapoanzia, na ndiyo maana nashauri utafutaji uanzie chini kabisa, kwenye tangi, kisha upande kidogo kidogo hadi kwenye tundu lenyewe. Hatua za mwanzo hazihitaji dawa yoyote, wala kufungua hata skrubu moja, na mara nyingi tatizo huishia hapo.

Sababu ya kufuata mpangilio huo imo katika muundo wa gari. Nyumba ya kawaida ya Kisauni au Changamwe, hapa Mombasa, ina nafasi ya kutosha ya kuliteremsha bomba la bafu hadi kwenye shimo, lakini garini tangi la majitaka hufungwa moja kwa moja chini ya sakafu, na kimo cha kuteremkia maji huwa ni sentimita chache tu. Mpira unaoyapeleka maji huko ni mwembamba, takriban milimita 25 hadi 40 kwa kipenyo, tena hupinda kukwepa vyuma vya chasisi. Maji yanayoteremka kwa kimo kidogo namna hiyo hayana nguvu ya kusukuma kitu, kwa hiyo kizuizi ambacho nyumbani kisingetambulika huweza kuyasimamisha kabisa garini.

Kwa hiyo kwanza litazame tangi. Katika magari mengi maji ya bafu na ya sinki hukusanyika katika tangi moja, mbali na lile la choo, na tangi hilo hujaa upesi kuliko watu wanavyodhani: pampu inayotoa lita 10 kwa dakika hulijaza tangi la lita 100 kwa dakika kumi tu za kuoga, muda ambao familia iliyorudi kutoka ufuo wa Nyali na mchanga mwilini huumaliza bila kujua. Likishajaa, maji hayana pa kwenda ila kurudi bafuni, kwa kuwa tundu la bafu ndilo lililo chini kuliko yote. Ukiona maji yenye ukoko wa wali au mafuta ya mchuzi yakichomoza bafuni wakati mtu anaosha vyombo, usitafute zaidi, kwani tangi limejaa au njia ya kuliingilia imeziba. Usikitegemee sana kipimo cha ukutani kinachoonyesha kiasi cha maji, maana utando wa sabuni na mafuta hugandamana na vihisio vilivyo ndani ya tangi na kukifanya kitoe taarifa zisizo za kweli. Njia ya hakika ni kulimwaga tangi lote kisha kurudi bafuni na kumimina ndoo moja ya maji. Yakiondoka kwa kasi ya kawaida, kazi imekwisha.

Wakati wa kumwaga, angalia pia nguvu ya maji yanavyotoka kwenye vali, yaani mlango wa kutolea maji ya tangi. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula chuma haraka, na mkono wa vali huweza kuvutika wote hali kibao cha ndani kimefunguka nusu tu, mwenye gari akadhani tangi ni tupu kumbe nusu ya maji bado imo. Mtiririko ulio dhaifu tangu mwanzo ni dalili ya vali kushika kutu au ya mashapo kujikusanya mlangoni. Na maji hayo yasimwagwe mchangani wala kwenye mtaro wa mvua, kwa sababu mitaro mingi ya pwani huishia baharini; omba ruhusa ya mwenye kambi au mwenye kiwanja uyapeleke kwenye shimo la majitaka.

Tangi likiwa tupu na bado maji yanatuama, pima usawa wa gari. Weka pimamaji juu ya sakafu ya bafu, kwa marefu kisha kwa mapana, na utazame maji yaliyobaki yamejikusanya kona ipi. Viwanja vya kando ya bahari, kuanzia Shanzu hadi Tiwi na Diani, mara nyingi huteremka kuelekea ufuoni, na gurudumu la upande mmoja likididimia mchangani gari huinama bila mwenyewe kutambua. Bomba la majitaka huhitaji mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita moja, na mwinamo mdogo wa gari zima unatosha kuufuta mteremko huo au kuugeuza. Panda juu ya vipande vya mbao pana kwa magurudumu ya upande ulio chini, weka kabari, kisha jaribu tena. Jambo moja hapa huwachanganya wengi: baadhi ya magari yana matundu mawili katika pembe tofauti za bafu ili moja lifanye kazi gari linapoinama upande wowote. Moja likiziba, bafu hutoa maji vizuri mahali pamoja na kukataa mahali pengine, na mwenye gari huilaumu ardhi. Mimina maji katika kila tundu peke yake ndipo uamue.

Hewa ndiyo husahauliwa kuliko kitu kingine chochote. Kila anayemimina mafuta kutoka kwenye debe lenye tundu moja anajua kwamba hutoka kwa kusitasita hadi atoboe tundu la pili, na tangi la gari hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa maji hayawezi kuingia ila hewa iliyomo ipate pa kutokea. Njia hiyo ya hewa huwa ni bomba linalopanda hadi paani au mpira mfupi ulio chini ya gari. Gari lililoegeshwa miezi mingi chini ya mwembe huokota majani, nyigu hujenga viota vya matope ndani ya bomba, na kunguru waliojaa mji huu huacha vijiti vyao popote. Dalili yake ni maji kushuka huku yakigugumia na mapovu yakipanda tunduni. Kuhakikisha ni rahisi: maji yakiwa yametuama bafuni, na tangi likiwa halijajaa, fungua mfuniko wa kusafishia tangi, kama upo. Maji yakiondoka ghafla, umempata mkosaji. Safisha bomba la paani kwa waya laini ukiwa umesimama kwenye ngazi imara, na ufunike mdomo wake kwa wavu mwembamba usiozuia hewa.

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya tundu inapofika, na hapa pwani tuna mambo yetu. Visima na mabomba mengi ya kuchimba huku hupita katika mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa na chokaa nyingi, pengine na chumvi pia. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu vizuri, bali huzaa utando mweupe mzito usioyeyuka, ambao hunasa kila unywele unaopita. Sabuni za maji za kuogea, zisizotengenezwa kama sabuni ya kipande, hazina tabia hiyo, na kwa gari linalojazwa maji ya kisima napendekeza hizo tu. Mchanga wa matumbawe nao ni mzito, hutulia mahali mpira ulipolegea na haurudi juu. Singo na liwa, vipodozi vya kujipaka mwilini, zina unga usioyeyuka ambao hutulia vivyo hivyo. Anayejipaka ajifute kwa kitambaa kabla ya kusuuza.

Mafuta ya nazi yanastahili maelezo yake. Huyeyuka kwenye takriban nyuzi 24 za selsiasi, na kwa kuwa mchana wa Mombasa joto huwa juu ya hapo, mafuta yanayotoka nywelini hupita mpirani yakiwa majimaji na hayaleti usumbufu wowote. Gari hilo hilo likipanda Nairobi au Limuru, usiku wa kwanza mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mpira huufanya uwe mwembamba zaidi, na msafiri hushangaa bafu lililokuwa zima pwani likigoma bara. Dawa yake si nyingine ila maji ya moto wa kuogea yaliyochanganywa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yamiminwe polepole ili yapate muda wa kuyeyusha.

Kulisafisha tundu, ondoa kichujio, chomoa kikombe cha kuzuia harufu kama kinatoka, na uzivute nywele kwa ukanda wa plastiki wenye miiba unaouzwa katika maduka ya vifaa vya mabomba. Vuta, usisukume. Mipira mingi ya magari haya ina mikunjo ndani, na donge la nywele likisukumwa mbele hujishika kwenye mkunjo ambao mkono haufiki tena. Ukitumia mpira wa kuzibulia, ule wenye kikombe na mpini, ziba kwanza tundu la pili la bafu na la sinki kwa kitambaa kibichi, la sivyo nguvu yote hupotelea huko, na usukume kwa upole. Usipulize hewa ya kompresa ya kujazia matairi, kwa kuwa viungo vimeshikwa na klipu tu na kimoja kikichomoka sakafuni hutajua hadi mbao zianze kuoza.

Dawa kali za kuzibulia zenye magadi makali ziache dukani. Hutoa joto kubwa zinapokutana na maji, huharibu mipira ya kuzuia uvujaji, kisha hubaki tangini zikimsubiri atakayelifungua. Maji yanayotokota nayo hulainisha bomba la PVC na kulipinda. Siki huondoa chokaa kwenye kichujio ikiachwa usiku kucha, lakini haigusi nywele, na ukiichanganya na magadi ya kuokea utapata povu la kupendeza na kazi ndogo, maana moja huiua nguvu ya nyingine. Lililo la hatari hasa ni kumimina siki au ndimu mahali palipotiwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu la gari ni dogo mno kwa mtu kukosea humo.

Tundu likiwa safi na maji bado ni mazito kuondoka, kagua mpira chini ya gari. Tafuta mahali palipolegea na kufanya tumbo, palipobanwa, au palipopondeka kwa kugonga jiwe. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi na kabari. Tumbo la mpira hunyanyuliwa kwa kufunga vishikio vilivyokaribiana, na mahali pa mpira wa mikunjo panafaa bomba laini la ndani kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, kazi ambayo fundi bomba mzuri wa gereji anaiweza. Msisitizie atumie klipu za chuma kisichoshika kutu, maana za kawaida hazidumu katika hewa ya bahari.

Mwisho wa matengenezo, mimina ndoo ya maji kwa mkupuo, pima muda yanaochukua kuondoka na uuandike, ili mara nyingine uwe na cha kulinganisha badala ya kukisia. Kisha pitisha karatasi kavu ya shashi kuzunguka kila kiungo ulichokigusa, ukianza na kile kilicho chini ya tundu. Ikilowa, kaza klipu na urudie kabla hujamruhusu mtu yeyote kuoga.