Namna ya Kupima Thamani ya Almasi, Kuanzia Jiwe Ghafi hadi Pato la Taifa

Anayetaka kujua thamani ya almasi ajiulize kwanza, kabla hata ya kushika mizani, jiwe alilonalo linafaa kwa kazi gani. Almasi ni kaboni, kama ilivyo grafiti ya ndani ya penseli, ila atomi zake zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba hakuna madini mengine ya asili yanayoikwaruza kwa urahisi. Ndiyo maana hata jiwe la kijivu lenye nyufa, ambalo sonara angelitupa kando, husagwa likawa unga wa kung'arishia, au hupachikwa kwenye misumeno ya kukatia zege na kwenye ncha za mitambo ya kuchoronga miamba. Hata hivyo, asitarajie bei kubwa kwa jiwe la namna hiyo, kwa kuwa tangu kampuni ya General Electric ilipofaulu kutengeneza almasi mwaka 1954, sehemu kubwa ya almasi za viwandani hutoka kiwandani, si mgodini.

Likionekana kufaa kwa vito, lithibitishwe kuwa ni almasi kweli. Usiligonge kwa nyundo: ugumu si uimara, na almasi halisi hupasuka vizuri sana ikipigwa kwa mwelekeo fulani. Kwa jiwe lililokwisha kukatwa, lipulizie pumzi. Ukungu kwenye almasi hutoweka upesi, kwani hupitisha joto kuliko shaba. Hiyo ni dalili tu, wala si ushahidi. Zirkonia, inayouzwa sana kama almasi, huwa na uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa almasi ya ukubwa uleule, kwa hiyo mizani huiumbua. Mwasaniti, jiwe jingine linalofanana na almasi, ndiyo yenye hila, kwa sababu hupitisha joto vizuri hata ikadanganya vifaa vya kawaida vinavyotambua almasi kwa jinsi inavyopitisha joto. Itazame kwa pembeni kupitia lenzi inayokuza mara 10, nawe utaona kingo za upande wa nyuma zikijitokeza mbilimbili kama maandishi yaliyopigwa chapa mara mbili.

Baada ya hapo hupimwa uzito, rangi, usafi na mkato. Karati moja ni gramu 0.2, na rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana wazi. Kosa la wengi ni kuzidisha bei ya karati moja kwa idadi ya karati, ilhali jiwe moja la karati mbili huwa ghali kuliko mawili ya karati moja yenye sifa zilezile, kwa kuwa makubwa ni adimu. Kwa jiwe ghafi hesabu ni ngumu zaidi, maana nusu ya uzito au zaidi hupotea katika kukata, na kinachonunuliwa hasa ni kito ambacho mthamini anakiona ndani yake. Jiwe lenye gamba zito hung'arishwa kidogo upande mmoja, likawa na kidirisha cha kuchungulia doa lilipo.

Ukitaka kupima faida kwa uchumi, usiishie kwenye jumla ya mauzo ya nje. Fuatilia kinachobaki nchini, yaani mrabaha, kodi, hisa za serikali, mishahara na kazi ya kukata. Botswana, iliyopata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, inamiliki nusu ya kampuni ya kuchimba almasi ya Debswana, na mwaka 2013 kampuni kubwa ya almasi ya De Beers ilihamishia Gaborone mauzo yake ya almasi ghafi kutoka London. Lakini almasi nyingi za dunia bado hukatwa Surat, India, na almasi za vito zinazotengenezwa maabara zimeshusha bei, jambo linaloitikisa bajeti iliyoegemea jiwe moja.

Kagua pia cheti cha Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa ulioanza kutekelezwa mwaka 2003 ili kuzuia almasi ambazo waasi huziuza kugharimia vita. Cheti hicho hakisemi kama bei iliyotajwa ni ya haki. Mrabaha hukokotolewa kwa thamani iliyoandikwa kwenye karatasi, hivyo serikali isiyo na wathamini wake, wanaofungua kila pakiti na kulitazama jiwe mojamoja kabla ya kusafirishwa, hulipwa kwa kadiri muuzaji alivyopenda kuandika.