Namna ya Kuchunguza Barafu na Maji ya Sayari ya Mirihi

Anayetaka kutafiti maji ya Mirihi ni vyema aanze na kanieneo ya hewa kabla ya kufungua picha hata moja. Wastani wake huko ni takriban milibari 6, chini ya asilimia moja ya ile iliyopo kwenye usawa wa bahari duniani, na kiwango hicho kinakaribiana sana na kile ambacho maji yakishuka chini yake hayawezi tena kubaki kimiminika. Kwa hiyo barafu iliyoachwa wazi ikipata joto kwa kawaida haiyeyuki na kutiririka, bali hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke. Chombo cha Phoenix, kilichotua karibu na latitudo ya 68 kaskazini mwaka 2008, kilichimba mtaro na kufichua vipande vyeupe ambavyo vilitoweka katika muda wa siku nne. Huko kutoweka ndiko kulikoonyesha kwamba vilikuwa barafu ya maji: chumvi isingetoweka, na barafu kavu, yaani ile ya kaboni dioksaidi, isingedumu hata siku moja katika halijoto ya mahali pale.

Utaratibu huohuo uutumie katika kila hatua inayofuata. Kila dalili ya maji katika Mirihi ina pacha wake mkavu, yaani kitu kisicho na maji kinachoweza kutoa dalili ileile, na sehemu kubwa ya kazi ni kumchunguza pacha huyo mpaka aondoke au abaki.

Amua kwanza unatafuta nini na kwa kina gani, kwa sababu hakuna chombo kinachoona vyote. Vipima-nyutroni vya Mars Odyssey, chombo cha kuizunguka Mirihi kilichorushwa mwaka 2001, hugundua haidrojeni ndani ya takriban meta moja ya juu tu, tena kwa ukungu wa mamia ya kilomita, na haidrojeni hiyo yaweza kuwa ya barafu au ya madini yaliyofunga maji ndani yake. Data zenyewe hazina gharama: zimehifadhiwa katika Planetary Data System ya NASA, na programu ya JMARS ya Arizona State University hukuwezesha kuzipanga juu ya ramani moja bila malipo.

Kwa barafu iliyofukiwa, chombo kikuu ni rada. SHARAD, rada iliyomo katika chombo cha kuizunguka Mirihi cha Mars Reconnaissance Orbiter, hutumia masafa ya megahezi 15 hadi 25, ilhali MARSIS, rada ya chombo cha Mars Express, hutumia masafa ya chini zaidi, hivyo hupenya kina kirefu zaidi lakini hutofautisha tabaka kwa uhafifu. Rada haikupi kina. Hukupa muda ambao mwangwi umechukua kurudi. Ili kuugeuza muda kuwa meta, lazima ujue kipimo cha daielektriki, ambacho hueleza ni kwa kiasi gani dutu hupunguza kasi ya mawimbi ya redio. Kwa barafu safi ya maji ni takriban 3.15, na kila mikrosekunde moja ya kwenda na kurudi ni sawa na meta 84 hivi. Kwa mwamba mgumu wenye kipimo cha 8, mikrosekunde hiyohiyo ni meta 53 tu. Ukikisia vibaya, unene wa tabaka lako lote utakuwa wa kubuni.

Ndiyo maana wachunguzi wazoefu hutafuta mahali ambapo unene unaweza kupimwa kwa njia nyingine. Chukua lundo lenye mteremko lililoketi juu ya uwanda, kama yale ya eneo la Mirihi liitwalo Deuteronilus Mensae. Iwapo ramani ya miinuko iliyotokana na MOLA, kifaa kilichopima miinuko ya Mirihi kwa leza, inaonyesha kwamba lundo limeinuka meta 400 juu ya uwanda, na mwangwi wa chini unachelewa kwa mikrosekunde 4.7, zidisha muda huo kwa meta 150 (nusu ya umbali ambao mawimbi ya redio husafiri katika ombwe kwa mikrosekunde moja), gawanya kwa 400, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata karibu 3.1, nayo ni dalili nzuri ya barafu iliyofunikwa na kifusi. Kabla ya kufurahi, tengeneza kielelezo cha miangwi inayotoka kwenye vilima vya pembeni, kwa kuwa kilima kilicho mbali kidogo na njia ya chombo huweza kuigiza tabaka la chini ya ardhi kwa ukamilifu wa kuudhi.

Hata hapo pacha mkavu hajaondoka, maana vumbi au majivu yenye matundu mengi pia yaweza kutoa 3. Mashapo ya eneo la Mirihi liitwalo Medusae Fossae yalizua ubishi huo tangu mwaka 2007. Hoja yenye uzito ni ya mgandamizo: mashapo yanayofikia unene wa kilomita 3.7, kama yalivyokadiriwa mwaka 2024, yangekuwa majivu matupu yangejishindilia kwa uzito wake na kupandisha kipimo hicho.

Picha husaidia pale ardhi inapojifunua yenyewe. Tarehe 24 Desemba 2021 kimondo kilichimba kasoko yenye upana wa takriban meta 150 karibu na latitudo ya 35 kaskazini, na mapande ya barafu yakatawanyika pembeni; barafu haikuwa imewahi kuonekana karibu hivyo na ikweta.

Kuhusu maji ya kimiminika, nashauri ukaidi. Michirizi myeusi ya msimu iliyoelezwa mwaka 2011 ilidhaniwa kuwa maji ya chumvi, lakini uchambuzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba huishia kwenye miteremko yenye mwinamo uleule ambao mchanga mkavu nao husimama. Mwangwi mkali wa rada kutoka eneo lenye upana wa takriban kilomita 20 chini ya barafu ya ncha ya kusini, uliotangazwa mwaka 2018 kuwa ziwa, umepewa maelezo mengine, yakiwemo udongo wa mfinyanzi.

Unapoandika matokeo, taja kipimo cha daielektriki ulichotumia pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu, na weka muda ghafi wa mwangwi kando ya kina ulichokokotoa, ili asiyekubaliana nawe aweze kupiga hesabu yake mwenyewe.