Jenereta ya ghorofa: ipime ikiwa imebeba mzigo

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, keateka (mtunza jengo) wa ghorofa moja la Kilimani, Nairobi, alikuwa akiwasha jenereta, anaisikiliza dakika kumi, anaizima, kisha anaandika daftarini: "Iko sawa." Alifanya hivyo karibu miaka miwili bila kukosa. Jioni moja stima ikapotea watu wakiwa bafuni. Jenereta ikawaka vizuri, ikachukua mzigo, ikatoa moshi mweusi na kuzima. Nilipoitwa kama fundi, nilipitisha kidole ndani ya bomba la ekzosi kikatoka kimepakwa kitu kama lami.

Keateka hakuwa mvivu. Alifundishwa vibaya, na nawajua wengine wengi waliofundishwa hivyohivyo.

Injini ya dizeli isiyobeba kitu haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, na yanayobaki hugeuka masizi na utelezi unaoganda kwenye injekta, ringi za pistoni na ekzosi. Zile dakika kumi za kila wiki ndizo zilizokuwa zikiiziba. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka mashine za dharura zipimwe kila mwezi kwa dakika 30, zikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Mimi nafuata hapo. Kila Jumatatu keateka anaangalia kwa macho tu: oili, maji ya rejeta, mkanda, matone sakafuni.

Siku ya kipimo, chagua Jumamosi asubuhi, wakati watu wanafua na kuoga. Waarifu wapangaji siku moja kabla, na hakikisha lifti haina mtu. Usibonyeze kitufe cha kuwasha. Kata swichi kuu ya upande wa Kenya Power, chenjiova (swichi inayohamisha jengo kutoka stima ya laini hadi ya jenereta) ifanye kazi yake yenyewe, kwa sababu hiyo nayo inapimwa. Kisha fundi achukue klampu mita, kipimo kinachoshika waya kwa nje na kusoma amp, apime kila fezi, yaani kila waya kati ya mitatu inayoleta stima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jenereta ya kVA 60 kwa volti 415 inatoa kama amp 83 kwa kila fezi, kwa hiyo kwenye kipimo nataka nione amp 25 au zaidi. Sasa fikiria shawa ya stima ya kilowati 5: peke yake inakula karibu amp 21. Shawa nne zikiwashwa kwenye fezi moja, fezi hiyo imejaa, hata kama nyingine mbili zimelala. Ndiyo maana nasema pima fezi zote tatu, maana wastani utakudanganya.

Na hiyo 83 ni ya kwenye kibandiko. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) huihisi sana tofauti hiyo. Ukinunua jenereta iliyotumika kule pwani, usitarajie ibebe huku mzigo uleule. Muulize muuzaji uwezo wake kwa mwinuko huu, na jibu liwe kwa maandishi.

Betri ndiyo iliyonikimbiza zaidi usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Simu zilizonifikia, nyingi hazikuwa za injini kabisa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, lakini betri iliyochoka nayo yaweza kusoma hivyo. Ipime injini inapozungushwa: ikishuka chini ya 9.5, ibadilishe kabla ya baridi ya Julai. Angalia pia chaja ya ukutani. Mara nyingi nimekuta imechomolewa ili mlinzi achaji simu.

Sasa walinzi wa mashine yenyewe. Kuna swichi ya presha ya oili, ya joto la maji, kinga ya mwendo kupita kiasi, na breka, swichi inayokata stima mzigo ukizidi. Kazi yao ni kuizima jenereta au kuitoa mzigo kabla haijajiua, na kwa sababu hiyo watu huwachukia. Nimeshakuta waya wa swichi ya oili umechomolewa na kufungwa tepu kwa kuwa "ilikuwa inazimazima". Ilikuwa inazima kwa sababu oili ilikuwa imevuja. Krankshafti iliposhika, bei ya ukarabati ilikaribia bei ya jenereta nyingine. Kwenye paneli za ufunguo, ukifungua swichi kabla ya kustati, taa ya oili lazima iwake kama ile ya kwenye gari la matatu. Isipowaka, kuna aliyeinyamazisha, au balbu imekufa. Usiiwashe hadi ujue ni lipi.

Breka nayo ikikatika mara kwa mara, dawa si kuweka ya amp 160 mahali pa ya 80. Breka hiyo inalinda nyaya za alternata, sehemu inayozalisha stima, na nyaya zikiungua ni kuzisuka upya.

Chenjiova sitaki mzaha nayo. Lazima iwe na kizuizi cha chuma ambacho hakiruhusu pande mbili kufunga pamoja. Stima ya jenereta ikirudi kwenye laini, transfoma ya mtaani huipandisha hadi volti 11,000, na juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu anayeamini laini imekufa. Kama chenjiova yako hukata na nyutro (waya wa kurudisha stima) pia, basi nyutro ya jenereta iunganishwe na athi (waya wa ardhini) palepale kwenye jenereta. Bila hivyo, vifaa vya kukata stima inapovuja vinaweza kukaa kimya mtu akishikwa. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya.

Yaliyobaki ni mepesi. Oili na filta kila saa 250 au kila mwaka, hata kama imefanya kazi saa 40 tu. Tangi la dizeli liwe limejaa ili unyevu usipate nafasi, na maji ya chini yamwagwe. Mzigo ukitoka, iache izunguke dakika tatu hadi tano ipoe, ndipo izime.

Keateka wa Kilimani haandiki tena "iko sawa". Jumamosi iliyopita ameandika: volti 413, hezi 50.4, amp 31, 28, 66, betri ikizungusha 10.2, moshi hafifu. Hiyo 66 ni fezi ya tatu. Nimemwambia mwenye jengo tuhamishe nyumba mbili kwenda fezi ya pili, anasema tusubiri mwisho wa mwezi.